Tarishi Katika Nchi ya Gololi

Mwenye haraka atangulie, tutamkuta hukohuko. Waliobaki wasikie habari za Bi Kazija Pandu, tarishi mstaafu, aliyefika katika nchi ya Gololi, akakaribishwa vizuri, akapewa cheo, na nusura aiue nchi nzima kwa uaminifu wake kazini.

Huyu Bi Kazija alibeba mafaili miaka thelathini na mmoja katika idara moja ambayo jina lake tuliache, maana bado ina watu. Katika muda huo alipandishwa cheo mara mbili kwa mdomo na kushushwa mara tatu kwa maandishi. Aliwahi kufungiwa ofisini sikukuu nzima ya Idi kwa sababu mwenye funguo alisahau kwamba tarishi naye ni mtu. Hata barua ya kumstaafisha aliibeba mwenyewe: aliichukua mezani kwa mkubwa, akaipeleka hadi kwenye kigoda chake pale mlangoni, akajisainisha katika daftari la kupokelea, akajiambia ahsante. Aliondoka na sifa moja tu, na hiyo aliishika kama mtu anavyoshika kanga yake kwenye upepo: hajawahi kupoteza barua.

Namna alivyofika Gololi haina haja ya kuwachosha. Alikuwa akipita kwenye miamba maji yamekupwa, akakanyaga yule mnyama mviringo wa miiba mieusi ambaye kila mtoto wa pwani anamjua kwa kisigino, akaona nyota mchana kweupe. Alipofumbua macho yuko ndani ya nchi.

Nchi yenyewe ilikuwa duara kamili, ndogo kama yai la mnyama yuleyule, imezungukwa na ukuta mwangavu kama kioo, bila mlango wala dirisha. Nje ya ukuta bahari ilionekana yote, na ndani yake vijimea vya kijani vinavyoelea, vinono, vinapita taratibu kama sahani za harusi zinazopelekwa meza nyingine. Ndani hamkuwa na chakula. Wananchi waliishi kwa Akiba ya Mama, yaani ute wa njano ambao kila mmoja aliubeba tumboni tangu mwanzo wa nchi. Huyo Mama hakuna aliyepata kumwona, lakini kila hotuba ilianza kwa kumshukuru.

Wananchi walikuwa kumi na sita siku hiyo. Wanane waliishi juu, wanne wakubwa wakubwa waliishi katikati, na wanne wadogo kabisa waliishi chini. Wote walikuwa laini na mviringo, kama madonge ya unga yanayosubiri kusukumwa, ambayo bado hujui lipi litakuwa chapati na lipi litakuwa andazi.

Wa kwanza kumpokea Bi Kazija alikuwa mkazi mmoja wa juu, upande wa mbele, aitwaye Ubavu. Huyu alikuwa msemaji. Angekuwa kwetu angekuwa dalali.

"Umeambiwa nini, mgeni?" akauliza Ubavu. Hiyo ndiyo salamu ya Gololi.

"Sijaambiwa kitu," akajibu Bi Kazija. "Mimi ni tarishi."

Ubavu akamtazama kama mtu aliyeona kuku anasoma gazeti. "Hujaambiwa, halafu unajua?"

"Najua, mwanangu. Kazi yenyewe nimeifanya mpaka visigino vimepasuka."

"Lakini nani alikugusa?"

"Weee! Usinitukane, ndiyo kwanza nimefika."

Ikabidi Ubavu amweleze. Katiba ya Gololi ilikuwa na kifungu kimoja: hakuna mtu aliye kitu chochote mpaka jirani yake amguse na kumwambia. Ukiguswa ukaambiwa "kuwa mfupa", unakuwa mfupa, wewe na uzao wako wote, na rufaa hakuna. Usipoambiwa, unakaa. Kujisemea mwenyewe "mimi ni fulani" ni utovu wa adabu.

"Na wewe umeambiwa nini?" akauliza Bi Kazija.

Sauti ya Ubavu ikashuka. "Bado." Kisha akajichangamsha. "Lakini nimejiandaa, Bi Kazija. Nimejizoeza kuwa mfupa, tazama nilivyojikaza. Nimejizoeza kuwa ngozi. Hata usiku nikiota naota naguswa begani, naambiwa, 'Bwana Ubavu, kuwa kadha wa kadha.' Hata ikiwa ukucha nitashukuru. Mtu anachoka kuwa bado."

Bi Kazija alimwonea huruma palepale. Hiyo "bado" ni cheo alichokishika yeye mwenyewe miaka mingi.

"Na mlango wa kutokea uko wapi?" akauliza.

"Hakuna. Ila ukuta huu siku moja utayeyuka, na hapo nchi itafunguka mdomo, ipate kula. Imeandikwa." Ubavu akajipapasa tumboni, akahesabu kwa kugusa. "Sharti uyeyuke kabla Akiba ya Mama haijaisha. Usipoyeyuka, basi, ndiyo tumefika."

"Nani atauyeyusha?"

"Sijui. Hatujaambiwa."

Basi Bi Kazija akajua amefungiwa tena ofisini siku ya Idi, na safari hii funguo hazina mwenyewe.

Kabla hajamaliza kulaani, Ubavu akakunja uso, akabinyika kiunoni kama gunia lililofungwa kamba, akakatika nusu mbili. Bi Kazija akapiga ukelele. Lakini nchi nzima ilikuwa ikifanya vivyo hivyo kwa pamoja, bila mtu kupiga chafya. Huko Gololi mtu akizidiwa na majukumu haombi msaidizi. Hujigawa, na kila nusu hubaki na cheo kizima. Nchi haikuongezeka hata unywele. Waheshimiwa tu ndio waliongezeka mara mbili.

"Na kazi nayo imegawanyika?" akauliza Bi Kazija.

"Kazi gani?" wakajibu Ubavu wote wawili.

Kuanzia hapa nikimtaja Ubavu, ni yule aliyeendelea kusema. Mwenzake alihamia upande wa nyuma, akanyamaza, na hatuna habari zake.

Jambo lililomfanya Bi Kazija acheke mpaka akashika mbavu ni pale alipouliza neno hutoka wapi kwanza. Kule idarani kwao, jambo likikwama, mtu husema, "Tunasubiri maelekezo kutoka juu." Ubavu, kwa uso mkavu kabisa, alisema, "Tunasubiri maelekezo kutoka chini."

"Chini?"

"Chini kabisa. Kwa wale wadogo."

"Na wale wanene wa juu wanafanya nini?"

"Wanasubiri. Ila wanasubiri kwa heshima zaidi."

Bi Kazija akashuka kwenda kuwaona. Wadogo walikaa mahali pembamba mno, wameshikana. Walipata udogo wao katika mgawanyo wa zamani ambao haukwenda sawa: kila mmoja alikatika na mwenzake, mwenzake akaondoka na mnofu wote na karibu Akiba yote, yeye akabaki na kile kinachobaki chini ya chungu. Ndiyo maana kiongozi wao walimwita Bi Ukoko. Lilianza kama tusi, likazoeleka, sasa lilikuwa jina la heshima.

"Karibu, shoga," akasema Bi Ukoko, mikono haiachi kazi. Alikuwa amemshika jirani yake wa juu, mmoja wa wale wakubwa, anamnong'oneza.

"Unamwambia nini?"

"Kuwa tumbo."

"Basi?"

"Basi. Yeye atamgusa wa juu yake, atamwambia kwa sauti ndogo zaidi. Yule naye atamgusa mwenzake, kwa sauti ndogo zaidi ya hapo. Katikati ya nchi linakuwa mnong'ono. Juu halifiki."

Bi Kazija akaona aibu kwa niaba ya taaluma. "Halifiki! Shoga, yaani neno la serikali linapotelea njiani, na wewe umekaa tu?"

"Linaishia mahali pake," akasema Bi Ukoko. "Sisi wenyewe tutakuwa mifupa. Hao waliosikia watakuwa tumbo."

"Na ambao hawakusikia?"

Bi Ukoko alitaka kujibu, lakini jirani yake aligeuza shingo kuuliza, "Umesema tumbo au tundu?" na ikabidi aanze upya. Bi Kazija hakungoja jibu. Laiti angengoja, hadithi hii ingekuwa fupi.

Huko juu habari zilikuwa zimekwisha kufika kwamba kuna mgeni, na kwamba ni mtaalamu wa kufikisha. Mkuu wa juu alikuwa Mheshimiwa Utosi. Aliishi kileleni hasa, mahali ambapo ukitaka kupanda zaidi huna pa kupanda, na ilimuuma sana kwamba kila kitu kilianzia mbali naye. Aliita kikao. Kikao kikaunda Kamati ya Kuchunguza kwa Nini Hatusikii, na kwa kuwa wajumbe walijigawa mara mbili wakati wa kusoma ajenda, kamati ya wanane ikamaliza ikiwa ya thelathini na mbili.

"Tumshukuru Mama," alianza Mheshimiwa Utosi. "Ndugu wajumbe, sisi ni watu wa juu. Je, ni haki mtu wa juu asiambiwe? Wale wa chini wanagawana utumbo peke yao! Na tumbo, ndugu zangu, si kitu cha mchezo. Tumbo ndiko kila kitu kinakofikia. Nani hapa hataki kitu kimfikie?"

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Nami nataka kila kitakachoingia katika nchi hii kinifikie mimi. Iandikwe hivyo hivyo."

Ikaandikwa hivyo hivyo.

Mjumbe mmoja wa pembeni, mwoga mwoga, akauliza, "Samahani, Mheshimiwa. Sote tukiwa tumbo, ngozi atakuwa nani?"

"Swali zuri sana," akasema Mheshimiwa Utosi, na kikao kizima kikajua mjumbe yule hatauliza tena. "Ngozi ni suala la awamu ya pili."

Ndipo wakamwita Bi Kazija, wakampa kiti. Msidharau habari ya kiti. Miaka thelathini na mmoja hakuna kikao kilichowahi kumpa kiti. Alikuwa anaingia, anaweka chai au faili, anatoka kinyumenyume. Alipokalishwa, machozi yalimlenga.

"Bi Kazija," akasema Mheshimiwa, "tumesikia hujawahi kupoteza barua."

"Hata bahasha, Mheshimiwa."

"Kuanzia sasa wewe ni Tarishi Mkuu wa Gololi. Shuka chini, ulete lile neno kwa maandishi, nakala kwa kila mkazi wa juu. Lisinong'onwe tena. Lifike zima."

Ubavu alikuwa pembeni ya kikao anasikiliza. Bi Kazija alipotoka, alimdaka. "Na mimi nimo kwenye orodha? Jina langu limeandikwa vizuri? Maana hawa makarani wanaweza kuandika Ubawa, nikaambiwa kuruka!"

"Umo, mwanangu. Barua yako nitaileta mwenyewe mkononi."

"Apa."

"Naapa kwa miguu yangu hii."

Chini, Bi Ukoko alikataa. "Neno letu si la karatasi. Linafanya kazi kwa kupungua."

"Shoga, mimi nimeshika barua za wakubwa zaidi ya hao. Nipe mimi. Kwangu haitapotea hata moja."

"Hicho ndicho ninachokiogopa," akasema Bi Ukoko.

Lakini mgeni alimsihi sana, na amri ilikuwa na mhuri, na Bi Ukoko alikuwa na kazi ya kujiandaa kuwa mfupa. Akaandika. Kila bahasha ilikuwa na maneno mawili: Kuwa tumbo. Bi Kazija akazipanga mkobani kwa mitaa, akafunga mkanda, akapanda huku anaimba.

Wa kwanza kupokea alikuwa Mheshimiwa Utosi, kwa itifaki. Alifungua, akasoma kwa sauti, akatabasamu, na palepale akaanza kulegea. Mashavu yakashuka mabegani, mabega yakashuka kiunoni, akawa mfuko. Akanguruma mara moja, kwa kuridhika. Wasaidizi wake wakapiga makofi, wakapokea zao, wakalegea. Mtaa wa kwanza ukaisha, mtaa wa pili ukaisha. Kila aliposaini mtu, daftari lilipendeza na nchi ikanguruma zaidi.

Alipofika nusu ya mkoba, Bi Kazija aliona mambo mawili yaliyomkata wimbo. La kwanza, ule ute wa njano ulikuwa unapungua mbio. Tumbo lisilo na cha kusaga hujisaga lenyewe, na sasa matumbo yalikuwa mengi. La pili, matumbo yalianza kutokeza nje ya nchi badala ya kukaa ndani yake. Upande mmoja ulifura na kuning'inia kama shati lililomtoka mtu kwenye suruali. Na ukuta, ukuta ulikuwa palepale, mgumu, mwangavu, bila hata ufa.

Akashuka mbio kwa Bi Ukoko. Akamkuta amekwisha kukonda na kukakamaa, ameingia ndani ya nchi anashikana mikono na wenzake kutengeneza nguzo. Alisema kwa shida, kama mtu mwenye kaptula ya mbao.

"Nilikuwa nakujibu, ukaondoka," alisema. "Ukuta unayeyushwa na ngozi. Ngozi hutoka jasho, jasho ndilo linalokula ukuta. Na ngozi ni wale ambao hawakuambiwa."

Bi Kazija akakaa chini. "Kwa hiyo lile neno..."

"Lilikuwa linapotea njiani kwa makusudi. Umebakiza wangapi?"

Akahesabu mkoba. "Upande wa mbele wote. Thelathini na moja."

Moja kwa kila mwaka. Akacheka, cheko la mtu aliyepigwa kofi na anayemjua.

"Basi, shoga," akasema Bi Ukoko, mdomo ukigeuka mfupa, "zipoteze."

Kwa mtu mwingine ingekuwa kazi ndogo. Kwa Bi Kazija ilikuwa sawa na kumwambia aende sokoni bila nguo. Hakuwa na kitu kingine duniani. Kigoda chake walikichukua, mlango wake walimpa mlinzi mwenye rungu. Ile sifa peke yake ndiyo aliyoachiwa, kwa kuwa hakuna aliyeona inafaa kuiba. Alikaa pale chini akiusikia ute ukipungua. Kisha akasimama, akajipangusa.

Ikabidi akumbuke yote aliyowaona makarani wakiyafanya, yeye akiwalaani kimoyomoyo. Kumi alizirudisha kwa kukosa kumbukumbu namba. Sita alizipeleka kwa mtu aliye likizo. Nne aliziweka chini ya kikombe cha chai kisichokuwepo. Tano aliandika juu yake "Tuzungumze", na barua iliyoandikwa hivyo haijapata kuonekana tena katika utumishi wowote. Nyingine tano alizigeuza anwani zikamtafute mtu aitwaye Husika. Aliona mikono yake ni myepesi kwa kazi ile, akaudhika nayo.

Ikabaki moja. Nayo alikuwa ameishika mkononi Ubavu alipotokea kwenye kona.

"Bi Kazija! Nimekutafuta nchi nzima. Wenzangu wanalegea, wananguruma, raha tele. Barua yangu?"

Bi Kazija akageuka haraka, kama anapiga chafya, akaitia bahasha kinywani.

"Unatafuna nini?"

"Tambuu."

"Kwenu tambuu ina stempu?"

Akatafuna. Ilikuwa chungu, ina wino na gundi. Ubavu alimzunguka, akautazama mkoba uliolegea, akamtazama usoni.

"Haijafika," akasema Bi Kazija, mdomo umejaa.

"Uliapa. Kwa miguu yako hiyo."

"Haijafika, mwanangu."

"Wameletewa wote. Hata yule jirani yangu asiyejua kusoma! Mimi tu?" Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga. "Niambie ukweli. Nina kasoro gani?"

Bi Kazija alikuwa na jibu, tena zuri. Angeweza kumwambia, "Huna kasoro, wewe ndiye ngozi, nchi inakutegemea." Lakini kule kumwambia ndiko kungemharibu; angekimbia kwa wenzake kutangaza kwamba kuna kuambiwa kwingine, wangedai nakala, na kamati ingeundwa. Akameza. Barua ikashuka koo zima kama kipande cha kamba.

"Subiri," akasema.

Ubavu akampa mgongo, akaenda kukaa ukutani, upande wa mbele, akanuna. Wale wengine ambao hawakufikiwa nao wakaja kukaa karibu naye, mmoja baada ya mwingine, wakanuna. Sijui kama mmewahi kukaa na watu walionyimwa barua ambayo wenzao wamepata. Wana joto. Hasira ikawapanda mpaka vinyweleo vikawasimama mwili mzima, virefu, vinapepea kama kope. Halafu wakaanza kutoka jasho.

Jasho likachuruzika ukutani. Ukuta ukafuka. Pale alipokaa Ubavu pakawa pembamba kama ngozi ya kitunguu, kisha hapakuwa na kitu. Vile vinyweleo vikapiga maji kwa pamoja, kwa chuki safi kabisa, na nchi yote ya Gololi ikazunguka, ikachomoka kwenye ganda lake ikaingia baharini, na Bi Kazija ameng'ang'ania mkanda wa mkoba.

Sasa matumbo yalipoona wenzao wamefanya jambo bila kikao, nayo yakazinduka. Ile nusu iliyokuwa inaning'inia nje ikaaibika, ikaanza kujikunja kuingia ndani, ikapinda kutoka chini kuelekea juu kama soksi inayogeuzwa. Pale ilipoanzia kujikunja pakabaki tundu, la mviringo, zuri, lenye kingo. Lango la kwanza katika historia ya Gololi!

Mheshimiwa Utosi alisikia neno "lango" akateremka toka kileleni na msafara mzima. "Nani atakayefungua?" akanguruma. "Nani mwingine? Mimi!" Akatoa hotuba. Akamshukuru Mama. Akasema kuanzia leo kila kinachoingia nchini kitapita mikononi mwake, akaagiza asimikwe kizingitini moja kwa moja ili asipitwe na kitu. Akasimikwa. Akashikamana na kingo. Wakapiga vigelegele.

Bi Kazija, aliyetupwa nje kwa mchomoko ule na sasa akielea, aliliangalia lango lile mara moja, akaangalia mwelekeo wa nchi, akaangalia upande ambao vile vijimea vinono vilikuwa vinatokea. Miaka mingi ya kuingilia mlango wa nyuma imemfundisha kuujua akiuona. Akafungua mdomo aseme, akaufunga. Hakuambiwa aseme.

Ndani, utumbo uliendelea kupanda, mwembamba, unapapasa gizani, unashikiliwa na nguzo za kina Bi Ukoko. Ukapanda, ukainama mbele, ukagonga ngozi kwa ndani, mahali hasa Ubavu alipokuwa amekaa na mnuno wake.

Ubavu akashtuka. Tangu nchi iumbwe hakuna aliyekuwa amemgusa. Akatega sikio, kama mtu anayesikiliza mlango wa mbali ukigongwa. Kisha akapasuka katikati, taratibu, bila maumivu, na bahari ikaingia na vijimea vyake vinono. Alikuwa mdomo.

Nchi nzima ikala. Ngurumo za njaa zikatulia mtaa mmoja baada ya mwingine. Na Mheshimiwa Utosi pale kizingitini akapata kile alichoomba na kilichoandikwa hivyo hivyo: kila kilichoingia Gololi kilimfikia yeye. Kilimfikia mwisho, kimekwisha kutumiwa na wengine wote, lakini kilimfikia, na hakuna siku aliyopitwa.

Bi Kazija alianza kuona mwanga wa juu na kusikia maumivu ya kisigino chake mwenyewe, akajua safari inaisha. Akageuka kuiaga nchi. Ubavu alikuwa amemeza fungu la kwanza, amepangusa kingo zake, na sasa, kwa mara ya kwanza, nchi ya Gololi ilikuwa na cha kusemea. Mifupa ikatulia isikie. Matumbo yakatulia. Bi Kazija naye akasubiri. Si kila siku mtu anasikia neno la kwanza la taifa.

"Bi Kazija!" ikaita nchi, kwa sauti kubwa, bahari ikatikisika. "Barua yangu je?"

Bi Kazija Pandu, aliyewalaani makarani miaka thelathini na mmoja kwa neno hilohilo, wino bado uko menoni, akapunga mkono.

"Iko njiani, mwanangu! Njoo kesho!"